Jembe la Mdoe Mlangoni

...na huyu Jeni alikuwa kidato cha ngapi, nauliza moyoni tu, nikimkatiza Shamimu atarudia ukurasa mzima na mgongo wangu umechoka, kunde hazijafika hata nusu ungo, kitabu kaazima kwa mwalimu wake, anakigeuza Kiswahili polepole kama mtu anayevuka mto kwa mawe, "Bibi, alikuwa na miaka kama kumi na sita, sawa na mimi, wakamwambia wewe ndiye malkia wa Uingereza, akalia, akasema taji si langu," akalia, eeh, hata Mwatumu dada yangu alilia, wakamkalisha mkekani, wakampaka mafuta, wanawake wa Mpale vigelegele, malkia wetu, malkia wetu... na jembe lile pale mlangoni, jipya, mpini mweupe, Mzee Mdoe wa Kabuku kaliegemeza tangu asubuhi, anamposa Shamimu kwa ajili ya kijana wake, na kwetu jembe la posa likishaingizwa ndani binti katolewa, halitoki tena, likilala nje wanaliondoa wenyewe kimya kimya, na mwenye kuliingiza ni mwanamke wa nyumba, mama yake Shamimu tulishamzika, nimebaki mimi, "Mama, watu wanangoja!" Faraji huyo, mwanangu, baba yake Shamimu, yuko uani na wageni, mara ya tatu sasa, sauti imelainika, trekta la Mdoe limeshamlimia shamba kichwani mwake, "Bibi, unasikia? Aliyepanga yote ni baba mkwe, alimwoza mwanawe kwanza, ndipo akamvisha taji," nasikia mjukuu wangu, baba mkwe, mume mwenyewe labda hata hakuulizwa... siku ile ya jembe la Mwatumu pia kulikuwa na wingu kama hili, mimi mtoto wa miaka minane, nimeachiwa nyumba, mama alikuwa hajaamua, alisema liacheni nje nifikiri kwanza, akaenda shamba, mvua ikaja, nikaona jembe zuri linalowa, litashika kutu, nikaliingiza, nikalifuta kwa kanga, nikajiona nina akili, mama akarudi, akasimama mlangoni maji yanamchuruzika, "Nani kaliingiza?" Mimi, mama. Hakunipiga, afadhali angenipiga, alikaa chini kwenye tope, maana wenye jembe walishapita wakaona mlango mtupu, wakaenda zao wanaimba, na Mwatumu akapelekwa Ngombezi kwenye kambi za mkonge, fungate siku saba, mimba, mtoto akamkwama, wakamrudisha kwetu maiti, "siku tisa, Bibi, alitawala siku tisa tu, wakamgeuka wote, hata baba yake akasema malkia ni mwingine," na yeye wakamrudisha kwao? "Wakamfunga, halafu wakamkata kichwa," haya, na waliomvisha taji walikuwa wapi, walikuwa uani wanakunywa chai, ndiko wanakokuwa siku zote... tone, jingine, bati linaanza kulia, "Mama! Jembe linalowa hilo!" na Shamimu kaacha kusoma, kidole kipo ndani ya kitabu, hanitazami mimi, anatazama mlango, hajaniomba kitu mtoto huyu, tangu asubuhi hajaniomba kitu, kanisomea tu, lo, na mimi nilidhani ananiburudisha... miaka sitini na kitu, kila mvua ikinyesha, naliingiza jembe lile, nalifuta, naliingiza tena, kunde hii imeoza, hii nzuri, Faraji anaita, mpini umeanza kuwa mweusi, soma, mwanangu, bibi yako mikono yake ina kunde, lilowe.