Mwiko wa Mama Celestina

Jumapili ya ubatizo wa mjukuu wake, Eloida Baca alikuwa ameshapakua bakuli kumi na moja za posole, supu ya nyama na mahindi, pale kaka yake Trini alipoingia jikoni kifua wazi, akachomoa mwiko sufuriani na kutoka nao uani. Mchuzi mwekundu wa pilipili ukimchuruzika hadi kwenye kiwiko, akaanza kuwapanga kunguru waliotua juu ya waya wa umeme.

"Wewe wa tatu, sogea! Nimesema mstari, si kiduku!"

Wakwe wa mwanawe walikuwa wametoka Santa Fe, wamevalia suti. Mmoja wao alichukua simu, akampiga picha.

"Na huyo ni wa kwenu?" mama mkwe aliuliza kwa upole. Upole ule ndio uliomchoma Eloida.

Trini alikuwa na miaka hamsini na miwili, na ugonjwa wake wa akili ulikuwa na thelathini. Kwa miaka miwili sasa, akichafukwa, nyumba iliwaita watu wa soksi. Ndivyo mji wa Piedra Honda ulivyowaita Orlinda Begaye, mshauri, na Wendell, muuguzi, ambao walikuja na gari jeupe lisilo na king'ora, bila bunduki wala pingu, wamebeba maji, sigara na soksi safi. Walikuwa wakikaa naye kizingitini mpaka atulie, hata kwa muda wa saa mbili. Mara tatu walishamrudisha ndani akicheka.

Eloida alipiga simu.

"Watu wa soksi wako ng'ambo ya reli," akaambiwa. "Dakika arobaini, dada."

"Arobaini! Mwenzio nina wageni hapa."

"Gari ni moja tu. Ana silaha?"

"Hana."

"Basi vumilia."

Akakata. Kupitia dirishani alimwona Trini amemfikia mama mkwe, anamsogezea mwiko mdomoni ili aonje, na blauzi nyeupe ya mama wa watu imeshaingia doa. Eloida akapiga tena. Akapokelewa na mtu mwingine. Akasema, "Ana kisu."

Polisi walifika kwa dakika nne. Walimwamuru Trini atupe kisu. Trini alijitazama mkono huu, akajitazama na wa pili, akakitafuta hicho kisu asikione. Akauinua mwiko wawaone. Risasi zilikuwa tatu.

Dakika ya thelathini na nane, gari jeupe liliegeshwa nje ya utepe wa njano. Orlinda alishuka na soksi zake mkononi, akabaki amezishika.

Eloida alimwambia mama yao, Mama Celestina, kwamba yule wa simu alisikia vibaya. Mama alikuwa na miaka sabini na tisa. Aliitikia kwa kichwa, akaenda kutandika kitanda cha Trini.

Siku ya tatu baada ya mazishi, Eloida alichukua kijiko kukoroga kahawa. Alipokilamba, mdomo ukachanika, kwa sababu kilikuwa kisu. Akakiweka mezani, kikawa kijiko. Akachukua kingine, nacho kikawa kisu. Akajaribu upawa, akajaribu hata kile cha plastiki cha mtoto, kikawa kijisu cha plastiki chenye picha ya bata.

Daktari alimshona nyuzi mbili, akamshauri anywe supu kwa kikombe. Kwenye chakula cha parokia, akina mama walimpa mkate wa kuchovya, wakaendelea kuzungumzia bei ya pilipili. Mwenye mkahawa wa kona alimtengea sahani yake mezani, kisha akaviondoa vijiko vyote, kama vile mtu amwondoleavyo mgeni chumvi akijua ana presha. Hakuna aliyemuuliza, na hilo lilimuumiza zaidi. Alianza kula akiwa ameipa meza mgongo.

Mwezi wa nne baada ya mazishi, bodi ya mji ilikaa kusikiliza shauri la kifo cha Trini, saa nne asubuhi, kwenye ukumbi wenye viti vya bluu. Mama Celestina alikaa mstari wa nyuma, kati ya Orlinda na Wendell. Ripoti ilisomwa: mtu mwenye kisu. Kisha ikachezwa sauti ya simu. Ukumbi mzima ukamsikia Eloida akisema, wazi kabisa, bila hata kuhema, "Ana kisu."

Eloida akasimama.

"Nilidanganya," alisema. "Kaka yangu hakuwa na kisu. Alikuwa na mwiko wa mama. Nilitaka waje upesi, nilikuwa naona aibu mbele ya wakwe. Huo hapo mezani, ndani ya mfuko. Kila mtu anauona."

Kweli kila mtu aliuona. Ulikuwa mwiko wa mti, umeungua ncha.

"Dada, njoo uutambue," mwenyekiti alisema, naye karani akautoa mfukoni akamkabidhi.

Ulipoingia mkononi mwake ukawa kisu, kirefu, cha mpini wa mti, kimeungua ncha.

"Ndicho hicho," alisema wakili wa polisi.

Karani akapiga picha, akaandika. Eloida akakirudisha mezani, kikawa mwiko tena, lakini karani alikuwa ameshafunga ukurasa. Mwenyekiti alimshukuru kwa ushirikiano wake, akaita shauri linalofuata, la mbwa.

Nje, kwenye korido, Eloida hakuweza kumtazama Orlinda usoni.

"Tulikuwa njiani, dada," Orlinda alisema. Hakumlaumu. "Mji mzima unajua neno la kusema ukitaka waje mbio. Wiki hii wamelisema watu sita."

"Na gari la pili?"

"Wanasema mwakani," alijibu Wendell. Redio ikamwita. Kulikuwa na mwanamke juu ya paa upande wa reli, wakaondoka.

Mama na binti walirudi nyumbani. Mama Celestina alivua koti lake la kanisani, akapasha posole ya jana, akapakua bakuli moja. Akakaa mbele ya Eloida na kijiko mkononi mwake mwenyewe.

"Mama, niliyokwambia kuhusu yule wa simu..."

"Ile sauti haijanipa jipya, mwanangu. Nilikuwa nyuma yako, nakata limau. Nilikusikia ulivyosema mara ya kwanza na ulivyosema mara ya pili."

Eloida akalivuta bakuli kwake, akaliacha.

"Simu ningeweza kukunyang'anya," mama aliendelea. "Au nipige mwenyewe niwaambie ni mwiko. Dakika nne si haba, mtu hutembea mpaka getini akarudi. Nikatazama ile blauzi, nikasema moyoni, afadhali waje wamtoe. Nikaendelea na limau zangu."

Akachota mchuzi na punje mbili za mahindi, akapuliza. Matone yakaanguka mezani.

"Fungua mdomo," alisema. "Chakula kinapoa."

Eloida akafungua.