Ya Tatu Ambayo Sikuihesabu

Nilikwenda msalani mara tatu kabla ya kuingia studio, na bado nilihisi nataka kurudi. Mzee wa miaka sabini na tatu mwenye jambo la kuficha hana raha hata na tumbo lake mwenyewe.

Walikuwa wameniita studio hiyo ya Shinjuku tulizungumzie pambano la ubingwa wa mieleka lililofanyika mjini Sendai mwaka 1989, Sugamata Genji dhidi ya bingwa Kusakabe. Kampuni moja ya video ilitaka kulitoa upya, na sauti za waliokuwapo zisikike juu ya picha. Kusakabe alishafariki. Tumebaki wawili: mimi, Isogai, niliyekuwa refa, na Sugamata mwenyewe, ambaye alitwaa mkanda wa ubingwa siku ile na hajasimama kwa miguu yake tangu hapo.

Ningekataa, lakini wangeuliza sababu. Halafu Hinokuma, binti anayesimamia kurekodi, akanipigia simu kwa furaha, kana kwamba ananipa zawadi ya mwaka mpya.

"Mzee, tumepata picha za kamera ya pili! Ile ya chini, pembeni mwa ulingo. Hazijawahi kuonyeshwa popote. Nyuso zenu zinaonekana vizuri kabisa!"

Tangu simu hiyo sikupata usingizi wa maana.

Niseme sasa hivi nilichokiogopa, maana sipendi kuzungushana. Dakika ya ishirini na saba, Kusakabe alimbeba Sugamata kwa nyuma akambwaga, na Sugamata akaangukia shingo badala ya mabega. Kusakabe akamlalia; mabega ya mtu yakikaa chini mpaka refa agonge mara tatu, ameshindwa. Nikapiga jukwaa moja, nikapiga mbili. Hapo Sugamata alitakiwa ainue bega. Hakuinua. Alinitazama akasema, "Hesabu." Nami sikuhesabu. Nilisimamisha mkono hewani, kisha nikaruka wima na kuuonyesha umati vidole viwili.

Siku hizi kila mtu anajua kwamba mwisho wa mapambano yetu hupangwa mapema. Siku ile wakubwa walikuwa wamepanga Sugamata atwae ubingwa kwa mtindo wake mwenyewe, ule wa kumkumbatia mtu kwa nyuma, kumrusha, na kujipinda kama daraja huku amembana chini, shingo yake ikibeba uzito wa wote wawili. Refa ndiye mlinzi wa mpango. Mkono wangu ukigonga mara ya tatu, basi, kwisha kazi, hata kama mtu amekosea, hata kama televisheni imebakiwa na dakika kumi. Miaka ishirini niliishi kwa sheria hiyo: ya tatu haishuki mpaka wakati wake, na nilisifiwa kwayo. Magazeti yakaandika kwamba Sugamata aliinuka kwenye mbili nukta tisa, chembe tu kabla ya tatu. Mbili nukta tisa! Hakuinuka kabisa yule. Ni mimi niliyesita.

Sugamata akasimama kwa kushika kamba, macho hayapo, mwili unafanya kwa mazoea. Dakika mbili baadaye akajipinda lile daraja, nikahesabu tatu safi kabisa, na shingo yake ikavunjika mbele ya macho yangu.

Hakukumbuka kitu chochote kuanzia dakika ya ishirini. Hospitali, sauti ilipomrudia, swali lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Kaka, ilikuwaje?" Nikamjibu, "Ulikataa kubaki chini." Maneno hayo yakasambaa. Yakachapwa kwenye fulana, na mpaka leo mashabiki wenye mvi humpelekea awasainie kwa mkono wake mbovu. Nilijiambia kwamba mtu huyu amepoteza kila kitu, amebakiwa na sifa hiyo tu, na nikimnyang'anya na hiyo nitakuwa mnyama. Kwamba ukimya huo ulinifaa na mimi, hilo sikupenda kujiambia.

Sasa kamera ya pili ingeniumbua mbele yake.

Alikuwa amefika kabla yangu. Binti yake, Nagisa, ndiye aliyekuwa akisukuma kiti cha magurudumu. Siku ya Sendai alikuwa na miaka sita, akiniita mjomba na kuning'inia kwenye mkono wangu kabla milango ya ukumbi haijafunguliwa. Sasa aliinamisha kichwa kiasi cha adabu tu.

"Bwana Isogai."

"Nagisa. Habari za siku nyingi."

"Nzuri." Akafunga breki za kiti, akamwekea baba yake chupa ya chai yenye mrija. "Nitakuwa nje."

"Hutazami nasi?" Hinokuma akashangaa. "Si kila siku mtu anamwona baba yake akiwa bingwa!"

"Najua linavyokwisha," alisema Nagisa, akatoka. Sugamata aliutazama mlango ule kwa muda, hata baada ya kufungwa.

Kisha akanigeukia. "Kaka, umekauka! Umekuwa kama figili la kuanika."

"Na wewe umefura."

"Mimi nasukumwa, nina sababu. Wewe unatembea na bado unapumua kama treni. Unaumwa?"

"Ngazi," nilisema. Tulikuwa tumepanda kwa lifti.

Hinokuma alituvalisha vipokea sauti, taa nyekundu ikawaka, na Sendai ikarudi. Jamani, jinsi tulivyokuwa na nywele! Watu elfu tano, nje theluji, ndani moshi wa sigara. Nilijiona katika shati langu la mistari nikikagua viatu vya Kusakabe, mwepesi, mwenye kujiamini, na nikamchukia mtu yule kwa dhati.

Sugamata, kwa upande wake, alichangamka. Alilichambua pambano kama fundi anayefungua saa. "Hapa ananijaribu mguu wa kushoto, anajua ni mbovu. Haya, hapa nimechelewa, ona. Kibao hicho cha kifua, mama yangu, kilisikika mpaka jikoni kwao." Hinokuma alicheka mpaka akajiziba mdomo. Mimi nilitakiwa nichangie. Nilisema, "Naam." Nilisema, "Kweli kabisa." Nilikuwa nimebandua karatasi yote ya chupa yangu ya chai na sasa nilikuwa naikatakata mapajani.

"Dakika kumi zimepita!" alitangaza mtu wa ukumbini, kwenye picha. Ndiyo desturi yetu, kila baada ya dakika tano saa inatangazwa. Miaka yote nimeipenda sauti ile. Siku hiyo ilinikata maini.

"Dakika kumi na tano zimepita!"

"Hinokuma, binti yangu, tupumzike kidogo?"

"Tukifika mwisho, mzee. Tusikate utamu."

"Dakika ishirini zimepita!"

"Kuanzia hapa mimi ni mgeni," alisema Sugamata polepole. "Hapa ndipo natazama kama shabiki."

Sauti yake ilikuwa imebadilika. Nilimtazama kwa pembeni. Hakuwa anatabasamu kama nilivyotegemea mtu anayesubiri sifa zake atabasamu. Alikuwa amekaza taya. Nilidhani ni maumivu.

Ishirini na tano. Nilifikiria kumwaga chai kwenye mashine zao. Niliishika chupa kabisa, nikafungua kizibo, nikaona ni upuuzi, nikafunga.  Niliomba mwili wangu mwenyewe, ule wa mwaka 1989, ujitokeze mbele ya kamera na kuziba.

Haukuziba. Kusakabe akambeba, akambwaga, na kishindo kikatoka vibaya kama siku ile. Kamera ya pili ilikuwa mita mbili kutoka kwenye uso wa Sugamata. Mkono wangu ukashuka mara moja, ukashuka mara mbili. Midomo ya Sugamata ikafunguka.

Hinokuma akaisimamisha picha. "Hee! Ngojeni. Mzee Sugamata, hapa unamwambia refa kitu, lakini kelele za umati zimekimeza. Unasema nini?"

"Mimi sikumbuki. Muulize kaka."

Wote wakanigeukia. Taa nyekundu ilikuwa inawaka. Nilikuwa na miaka thelathini ya kujiandaa.

"Alisema, 'Bado,'" nilijibu. "'Bado, bado.'"

Hinokuma akajishika mikono. "Jamani, mwili umenisisimka! Hiyo lazima iende kwenye jalada."

 Picha ikaendelea. Sugamata hakulisemea daraja, hakuisemea ile tatu yangu safi, wala umati uliosimama na kurusha tepe za rangi wakati yeye amelala hajui kitu. Hinokuma alijaza ukimya kadiri alivyoweza, kisha akazima taa na kutushukuru kwa heshima zote.

"Rudisha pale," alisema Sugamata.

"Wapi, mzee?"

"Pale nilipofungua mdomo. Na uhakikishe vipaza sauti vimezimwa."

Akairudisha. Sugamata aliitazama mara mbili.

"Kaka, mwaka mzima nilikuwa na bomba kooni," alisema. "Sina sauti. Nilizungumza kwa midomo tu, na wodi nzima ile tulisomana midomo. Sioni 'bado' pale."

Niliwahi kufikiri kwamba siku hiyo ikifika nitaanguka na kufa, na mambo yataisha hivyo. Sikuanguka.

"Ulisema, 'Hesabu,'" nilimwambia.

"Nawe?"

"Sikuhesabu."

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia vizuri."

Hinokuma alikuwa ameganda na mkono kwenye kitufe, anatamani kutoweka, maskini.

"Kwa nini?"

"Mpango ulikuwa ushinde wewe. Nilidhani umezubaa tu, utarudi. Niliogopa kuharibu, Genji, hiyo ndiyo sababu yote, sina nyingine. Halafu hospitali nikaogopa zaidi. Nikasema, akijua hakukataa kubaki chini, atabaki na nini?"

Akacheka, na kilikuwa kicheko kibaya, kisicho na pumzi ya kutosha.

"Nitabaki na nini! Unajua Nagisa aliniuliza nini alipokuwa na miaka saba? 'Baba, kwa nini hukulala tu?' Mama yake akaniuliza hilohilo. Mpaka anakufa alikuwa ananiuliza, si kwa maneno tena, ananitazama tu akinigeuza kitandani. Kama kusema, ungelala tu. Kulikuwa na mapambano mengine. Na mimi sikumbuki! Ningejibu nini? Nikawaambia, labda niliupenda ule mkanda kuliko nyinyi. Mimi mwenyewe nikaamini. Zile fulana zenu nimezisaini nikizichukia kila moja."

 Miaka thelathini nilijiona naibeba siri kwa ajili yake, najikaza, najipongeza hata, kumbe nilikuwa nimemkalia kifuani. Aibu niliyoisikia sijui niiweke wapi mpaka leo.

"Mwite mtoto," alisema Sugamata.

Nilitoka mwenyewe. Nagisa alikuwa kwenye benchi karibu na mashine ya vinywaji, koti mapajani.

"Mmemaliza?"

"Baba yako anakuita uje utazame."

"Nilishasema sitazami, Bwana Isogai."

"Si pambano. Sekunde kumi tu." Na alipobaki amekaa, nikaongeza, "Nimemdanganya baba yako tangu ukiwa na miaka sita. Nawe pia. Tafadhali njoo."

Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akainuka.

Alisimama nyuma ya kiti, mikono kwenye vishikio, tayari kuondoka. Sugamata hakumweleza lolote. "Nitazame mdomo," alisema tu, na Hinokuma akabonyeza.

Kishindo. Moja. Mbili. Midomo.

Nilikuwa nimesahau kwamba mtoto huyu naye alishinda wodini mwaka ule, na kwamba kwa mwaka mzima hakuwa na njia nyingine ya kumsikia baba yake. Alisoma papo hapo.

"Hesabu," alisema.

 Mikono yake ikaachia vishikio. Alizunguka kiti, akachuchumaa kati ya baba yake na kioo cha picha, akiangalia huku na huku, uso wa kijana na uso wa mzee.

"Ulitaka kulala," alisema.

"Inaonekana nilitaka," alisema Sugamata. Alikuwa analia, na mkono wake haufiki usoni, kwa hiyo Nagisa akamfuta kwa mkono wa sweta lake, kwa nguvu, kama anavyofutwa mtoto aliyechafuka.

Kisha akanyoosha kidole kwenye kioo bila kunigeukia. "Na huyu mwenye mkono juu?"

"Ni mimi," nilisema.

Akatikisa kichwa taratibu, akijibu jambo lake mwenyewe. Nilisubiri anitukane. Ningeshukuru.

"Rudisha tena," alimwambia Hinokuma.

Akarudisha. Waliitazama mara nyingi sana, sikumbuki idadi, vichwa vyao vimekaribiana, na hakuna aliyeniambia nikae wala niondoke. Kwa hiyo nilisimama nyuma yao nikatazama nami, na kila mara mkono wangu ulishuka, ukapanda, ukashuka, ukapanda, ukabaki huko juu.