Mikono Mipya ya Patroli

Nga! Nga! Nga-nga!

Shigela aliusikia mlio huo akiwa chooni, nyuma ya uzio wa mabati, na alitoka mbio huku mkanda ukiwa bado unaning'inia. Chuma kilikuwa kinapiga chuma. Hakuna aliyemwambia kwamba leo kungekuwa na nyundo.

Hakwenda moja kwa moja kwa fundi. Alifungua boneti kwanza. Betri: doa jekundu lipo. Stata: lipo. Pampu ya dizeli: lipo. Asubuhi, kabla ya kuleta gari gereji hapa Igoma, alikuwa ameazima rangi ya kucha ya mkewe Rebeka na kukitia alama kila kifaa ambacho mwizi angeweza kukitamani. Ndipo akainama na kuchungulia chini ya gari.

"Mzee Shigela, umerudi?" ilisema sauti kutoka gizani. "Nilidhani umetumbukia."

"Unagonga nini?"

"Bolti. Imeshikana kwa kutu. Ulitaka niibembeleze?"

Huyo ndiye Muganyizi, fundi kijana kutoka Bukoba, mwembamba, mwenye mdomo usiochoka. Alijisifu kwamba mikono ya ekseli ya namna hii alikwisha kuifunga Nairobi hadi akachoka. Shigela hakumwamini. Mtu aliyechoka na kitu haendi kukisifia mbele za watu.

Alikuwa na sababu ya kutoamini. Kwa tajiri wake wa kwanza aliacha gari gereji akaenda kunywa chai, na aliporudi alikabidhiwa gari lenye giaboksi nyingine, kuukuu, inayokohoa. Tajiri hakuuliza nani kaibadilisha. Aliuliza nani alikuwa na funguo. Shigela alikaa miaka bila usukani, akipakia mapanki, mifupa ya samaki iliyotolewa minofu, kwenye mikokoteni huko viwandani, mpaka Mama Wilhelmina alipompa usukani wa gari hili, Patroli. Naye alimpa na neno moja tu: "Likiharibika ukiwa umelisimamia, usirudi kunieleza. Rudi nyumbani kwako."

Mama Wilhelmina alikuwa mnunuzi wa pamba. Tangu serikali iruhusu watu binafsi kununua, msimu ulikuwa vita ya magari: anayefika kwanza kijijini ndiye anayepakia. Ili avuke makorongo ya Sengerema, mama alikuwa ameinyanyua Patroli kwa springi ndefu. Mwili ulipanda, lakini ile mikono miwili ya chuma inayoishika ekseli ya nyuma ilibaki na urefu wake wa zamani, ikaivuta ekseli mbele. Matairi yakawa yanakwaruza bodi, shafti ikawa inanguruma chini ya viti. Dawa yake ilikuwa imeletwa kwa basi kutoka Nairobi: mikono mipya yenye nyuzi kama za skrubu, ambayo fundi huizungusha ikarefuka au ikafupika kama anavyotaka.

Kesho walitakiwa wawe Kigongo, kwenye foleni ya kivuko cha kuelekea Sengerema.

"Mikono ya zamani iko wapi?" Shigela aliuliza.

"Chini ya miguu yako, mzee. Ibusu ukitaka."

Aliiokota, akaigeuza, akaisogeza kando ya kigoda chake. Kisha akakaa, macho chini ya gari. Aliona mkono wa kushoto ukipanda, kisha wa kulia. Aliona bolti zikipenya na nati zikizungushwa kwa vidole. Kwa vidole tu. Alisubiri spana. Spana haikuja. Muganyizi alitambaa akatoka, akajifuta kwa kitambaa, akaangalia barabarani.

"Mbona hujakaza?"

"Bado."

"Bado kwa nini?"

"Gari ni la tajiri wako, ufundi ni wangu." Alivaa ndala zake. "Nakwenda kutafuta watu."

"Watu gani? Wa kubeba nini?"

"Utawaona. Na usiguse kitu, mzee. Hata kwa rangi ya kucha, bwana harusi."

Akaondoka akicheka.

Shigela alibaki na gari lililokaa juu ya stendi, matairi ya nyuma yakining'inia hewani kama miguu ya kuku aliyeshikwa mbawa. Watu. Watu gani wanaotafutwa katikati ya kazi? Alizijua hila za magereji. Kuna fundi anayekuachia nati moja legelege ili kesho urudi kwake ukimlilia. Kuna anayekuachia zote ili usirudi kabisa, halafu vijana wake wakutane na gari lako limekaa kwenye kona, wakuvue magurudumu huku wakikupa pole. Na kesho, ndani ya gari hilo, angekuwa amekaa Mama Wilhelmina.

Alitazama barabarani. Hakuona mtu.

"Huniwezi, Mhaya," alisema peke yake.

Alichukua spana kubwa na kipande cha bomba cha kurefusha mpini, akalala chali. Akakaza. Alikaza ya kushoto mbele, ya kushoto nyuma, akaja kulia, akikaza kwa mabega, kwa kiuno, kwa hasira ya miaka ya mapanki, mpaka bomba likapinda kidogo. Akiwa pale chini ndipo alipoona jambo jingine: kwenye mkono wa kushoto nyuzi nyingi zilikuwa nje, na kwenye wa kulia zilikuwa chache. Mikono haikulingana urefu. Akatoka, akarudisha spana mahali pake, akakaa kigodani na kukunja mikono yenye grisi kwapani.

Muganyizi alirudi na wapagazi wa magunia ya pamba, wenye vifua vipana, wakitafuna miwa. Nyuma yao, mwavuli mkononi, alikuja Mama Wilhelmina mwenyewe.

"Pandeni wote nyuma," fundi aliwaambia wapagazi. "Kaeni kama mzigo."

"Tunalipwa kukaa?" mmoja aliuliza. "Basi mimi nalala kabisa."

Muganyizi aliondoa stendi, akashusha jeki. Gari lilishuka nusu, likagoma. Chini kulitoka mlio mkali wa mpira unaonyongwa, na nyuma ya gari ikabaki imebinuka. Muganyizi akajitupa chini. Alipotoka, kicheko chake chote kilikuwa kimekwisha.

"Nani kakaza nati zangu?"

Shigela alizidi kuibana mikono kwapani.

"Kuna nini?" aliuliza Mama Wilhelmina.

"Mama, nilipoondoka nati zilikuwa wazi. Hizi bushi, mipira ya kwenye bolti, hazikazwi gari likiwa linaning'inia. Linashushwa kwanza, linabebeshwa uzito, ekseli inakaa inapotaka kukaa, ndipo unakaza. Ukikaza hewani unaunyonga mpira. Kufika Sengerema ungekuwa umechanika, na ekseli inacheza ngoma."

"Maneno ya fundi aliyekosea," mama alisema. "Wewe ndiye uliyekuwa na spana. Dereva wangu alikuwa hapa analinda. Shigela, umeona nini?"

Hapo Shigela angeweza kunyamaza. Mama alikwisha kuchagua upande. Lakini mikono ilikuwa inamwasha kwapani, na akafikiri: hivi ndivyo yule fundi aliyebadilisha giaboksi alivyonyamaza, nami nikaondoka bila kazi.

"Nilikaza mimi, mama."

"Wewe?"

"Aliziacha wazi, hakuniambia sababu. Nikadhani anatuua."

"Nilikuweka ulinde, si utengeneze." Mama alinyoosha kiganja. "Funguo."

Shigela alizitoa mfukoni, lakini hakuziachia.

"Nitakupa, mama. Lakini kwanza mwambie apime mikono hiyo. Wa kushoto una nyuzi nyingi nje kuliko wa kulia."

"Uongo!" Muganyizi alisema, haraka mno.

"Leta kamba basi, ng'wanawane, mwanangu. Kamba haina kabila."

Wapagazi wakaanza kupiga miluzi. Ililetwa kamba ya katani. Walivuta kutoka kwenye fremu hadi kwenye ekseli upande wa kushoto, wakafunga fundo, wakaihamishia kulia. Fundo lilipita ekseli kwa upana wa kidole. Muganyizi akalitazama kama linamtukana.

"Nilipima kwa jicho," alisema.

"Nairobi walikufundisha jicho?" Shigela alimuuliza.

Muganyizi alikikunja kitambaa chake. Kisha, kwa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia kwake: "Nairobi nilikuwa nawashikia taa. Kufunga niliwaona tu wakifunga."

Mpagazi mmoja alicheka mpaka akapaliwa na muwa.

"Mmoja anakaza asichokijua," Mama Wilhelmina alisema, "mwingine analegeza asichokieleza. Na mimi ndiye wa kukaa katikati!" Alirudisha kiganja chake bila funguo. "Legezeni. Pimeni kwa kamba. Kesho Shigela ataendesha, na wewe Muganyizi utakaa nyuma, juu ya ekseli hiyo hiyo, hadi Sengerema na kurudi. Ikitung'okea, itung'okee sote."

Walifanya kazi hadi jua likaegemea mawe ya mlimani. Nati zilipolegezwa, gari lilitoa pumzi nzito likajikalia sawa. Fundi alizungusha mkono, dereva akavuta kamba, wakabishana juu ya kila uzi. Mwishowe fundo likagusa ekseli pande zote mbili, na wapagazi, mmoja wao akikoroma kweli, wakaachwa garini wakati spana inazunguka mara ya mwisho. Shigela alikuwa amelala sambamba na Muganyizi, akihesabu kila nati kwa macho.

"Bado huniamini," Muganyizi alisema.

"Sikuamini."

"Basi niahidi kitu kimoja, mzee. Usikaze tena kazi yangu nyuma ya mgongo wangu."

Shigela alimgeukia pale chini, pua kwa pua, grisi kwa grisi.

"Nakuahidi, Muganyizi: siku nyingine nitakuuliza kwanza. Nitakuuliza mbele za watu, kwa sauti, mara moja tu. Usiponijibu, nitakaza."