Mwanasesere wa Nne

Uani kwa doña Chayo, bibi mwenye nyumba za kupangisha, pale Melaque, mji wa pwani yenye joto, siri haimalizi siku mbili kabla haijapata watu wa kuilea. Vyumba sita vimelizunguka karo la kufulia, na kila dirisha linatazamana na la mwenzake. Ukikohoa chumba namba moja, namba sita wanakuuliza jana umekunywa nini. Ndiyo maana Verna Hnatiuk alijishangaa mwenyewe: tangu Krismasi alikuwa na neno kifuani na halijamponyoka.

Neno lenyewe ni hili. Miaka kumi na minne yeye na mumewe Orest walikuwa wakiikimbia baridi ya Saskatchewan, ile ya kugandisha kope, na kukaa kwa Chayo tangu Desemba mpaka Machi inakwisha. Mwaka huu Orest alikata tiketi za kurudi tarehe thelathini Januari.

"Na ndiyo mara ya mwisho," alisema siku ile, huku anatafuta soksi, kama vile habari ni ya soksi. "Chayo utamwambia wewe. Nyie wanawake mnajua kusema."

Verna hakutaka iwe mara ya mwisho. Kule kwao theluji ikianguka hata jirani humwoni mpaka Aprili. Huku asubuhi hujapiga mswaki umeshapewa habari za mtaa mzima. Lakini hakubisha, na Chayo hakumwambia. Alijipa moyo kwamba akinyamaza, huenda tiketi zikajifuta zenyewe.

Chini ya ngazi ya Chayo hukaa masanduku ya plastiki ya wageni wa kila mwaka. Ndani yake utakuta kikaango, mwavuli, viatu vya kuogea baharini. Juu yake jina, kwenye selotepu. Mwenye sanduku pale ni mtu wa nyumbani. Orest alilitoa lao wiki ile ile akaanza kugawa vitu. Mwavuli ukaenda, viti vikaenda, na viatu vyake vya baharini akasema ni vya mpwa wa Chayo, atakapokuja. Sanduku la Lyle lilibaki lilipokuwa. Lyle alikuwa mjane wa chumba namba nne, mwenzake Orest wa karata kwa miaka yote hiyo, na alikufa Oktoba huko huko kwao Red Deer. Sanduku lake hakuna aliyeligusa.

Ikafika tarehe sita Januari, sikukuu ya Wafalme, wale Mamajusi. Chayo akaleta ule mkate wa duara, mkubwa kama tairi la baiskeli, wenye matunda ya sukari juu, na chokoleti ya moto kwenye sufuria. Ndani ya mkate huo huokwa wanasesere wadogo wa plastiki. Kila mtu hukata kipande chake mwenyewe, na atakayemkuta mwanasesere atawapikia watu wote tamales, unga wa mahindi unaofungwa kwenye maganda yake, tarehe mbili Februari, siku ya Candelaria, sanamu za mtoto Yesu zinapopelekwa kanisani. Hakuna kukata rufaa.

Walitokea watatu. Mmoja kwa Chayo, mmoja kwa dada yake, mmoja kwa Ginette, mama wa Quebec wa chumba namba mbili, ambaye mdomo wake haujui likizo.

"Wa nne yuko wapi?" Chayo akauliza mkate ulipokwisha. "Mwokaji nimemwagiza wanne. Mtu amemmeza!"

"Mume wangu huyo," Ginette akadakia. "Réal hatafuni. Nimeishi naye miaka arobaini, sijawahi kumwona akitafuna."

"Mnisingizie tu," Réal akasema, mdomo umejaa.

Wakacheka. Verna hakucheka. Alikuwa amemwona Orest akisita katikati ya tonge, akatoa kitu mdomoni kwa leso, leso ikaingia mfuko wa shati. Kisha mzee mzima akaomba chokoleti nyingine, macho makavu.

Siku kumi na moja Réal alilishwa mapapai. Kila akielekea msalani, Chayo anamuuliza kwa sauti kutoka jikoni: "Don Réal, vipi, amezaliwa?" Na ua wote unapasuka kwa kicheko. Orest alicheka na wenzake, ila alicheka akitazama chini.

Siku ya kumi na mbili Verna alikuwa karoni anafua, Chayo kando yake anasugua shuka. Shati la Orest la mistari lilipolowa, kitu kigumu kikamgusa kidoleni. Angeweza kukifumba mkononi. Chayo alikuwa ametazama pembeni. Lakini hapo, sabuni ikimtiririka hadi kwenye viwiko, Verna aliona karibu mwezi mzima wa kunyamaza haukumpatia kitu. Akamtoa mwanasesere, akamsimamisha juu ya kipande cha sabuni.

Chayo akageuka. "Wee! Shati la nani hilo?"

"La mume wangu."

"Don Orest? Yule mstaarabu? Na Réal wa watu tumemharisha wiki mbili!" Alianza kucheka, akauona uso wa Verna, akaacha. "Kuna nini, shoga yangu?"

"Tunaondoka tarehe thelathini, Chayo. Na Orest anasema haturudi tena."

Chayo alikamua shuka polepole, akalikung'uta, akaanika. "Nilijua," alisema. "Mtu hagawi mwavuli wake bure." Kisha akapangusa mikono kwenye aproni. "Ila Candelaria haihamishwi, mama. Ingekuwa inahamishwa, mimi ningeshaihamishia kwa majirani." Akamchukua yule mwanasesere akavuka naye uani, akamweka kwenye meza ya Orest, juu ya gazeti alilokuwa anasoma.

"Watu kumi na tano, don Orest. Za kuku na za pilipili. Wenzako watatu wamenunua unga tayari."

"Mwizi!" Réal akapiga kelele kutoka dirishani. "Nirudishie mapapai yangu!"

Orest alipandwa na wekundu mpaka masikioni. Aliingia chumbani, Verna akamfuata, akafunga mlango na dirisha, jambo ambalo halijawahi kutendeka katika nyumba ile.

"Umeniaibisha," Orest akasema.

"Umejiaibisha mwenyewe, na leso yako. Mimi nabaki mpaka tarehe mbili. Wewe na tiketi yako nendeni, nitawapungia mkono."

"Verna."

"Niambie basi. Ni nyonga inauma? Ni bima ya safari imepanda? Niambie kitu, si soksi."

Orest alikaa kitandani. Nje Ginette alijifanya anamwagilia ua lisilotaka maji. "Kila nikipita ngazini naliona sanduku la Lyle," Orest alisema. "Jina lake pale. Linangoja. Sitaki langu lije likae hivyo, watu wanalipita. Bora nilitoe kwa mkono wangu."

Verna akaliendea dirisha. Akamwambia tu, "Lakini bado hujafa, Orest," na akalifungua.

Tiketi zikasogezwa hadi tarehe tano Februari. Zaidi ya hapo Orest hakuahidi.

Tarehe moja meza zikaunganishwa uani. Chayo akaleta beseni la unga wa mahindi na maganda yaliyolowekwa. Verna alipaka unga mnene mno, akafokewa. Orest alichukua ganda, akapaka, akatia kuku, akaviringisha na kukunja ncha zote mbili, akatoa kitu kama kidole, kimekaza.

"Hiyo si tamal, hiyo ni risasi!" Chayo akasema.

"Mama yangu alikuwa anafunga nyama kwa majani ya kabichi hivi."

"Mama yako apumzike kwa amani, lakini unga huvimba, baba. Uachie nafasi."

Akauachia nafasi. Kufikia saa kumi alikuwa amewapita wote kwa kasi, na Ginette alikuwa anahesabu za kwake kwa wivu. Ndipo ikaonekana sufuria hazitoshi. Chayo alisimama, mikono kiunoni, akatazama ngazi.

"Lyle alikuwa na lile sufuria kubwa la kupikia kaa."

Hakuna aliyenyanyuka. Kisha Orest alifuta mikono, akaenda, akapiga magoti kwa shida, akang'oa mfuniko. Ndani kulikuwa na kofia ya ukindu, karata, na sufuria, safi kabisa. Kofia akampa Réal. "Fidia," alisema. Karata akatia mfukoni. Sufuria akalipeleka jikoni akaliosha mwenyewe.

Kesho yake sanamu za mtoto Yesu zikarudi kutoka kanisani zimevalishwa nguo mpya, na watu ishirini na wawili, si kumi na tano, wakala mpaka sufuria la Lyle likabaki na maji tu. Za Orest tatu zilipasuka.

Tarehe nne Verna alikuwa anapanga mizigo. Akatoka kumpelekea Chayo kikaango chao, kwani sanduku lao alijua ni tupu. Akipita ngazini, akaliona limerudishwa mahali pake, mfuniko umefungwa. Alipoufungua, ndani mlikuwa na sufuria la kaa, na ndani ya sufuria viatu vya baharini vya Orest.

Nyuma yake Orest akauliza, "Chayo anaweka wapi selotepu?"

"Ya nini?"

"Ile ya zamani imefifia. Jina halisomeki."