Bei ya Kumsimamisha Msomaji

Likizo ya Aprili mwaka ule mvua haikuwa na adabu. Ilianza kila siku baada ya chakula cha mchana, ikapiga bati la maktaba ya Homa Bay mpaka mtu akawa hasikii anachosema mwenyewe. Hata hivyo Bwana Cephas hakuuondoa ukutani ubao wake ulioandikwa KIMYA. Vijana waliutazama ubao, wakalitazama bati, wakacheka chini chini.

Maktaba yenyewe ilikuwa chumba kimoja tu. Kabla ya Uhuru kilikuwa ghala la pamba, na hata sasa mtu akipiga chafya nyuzi nyeupe zilidondoka kutoka darini. Ndani mlikuwa na kabati moja la vitabu vilivyoletwa kwa lori kutoka Kisumu. Cephas ndiye aliyekuwa mlinzi wa vitabu hivyo. Hakuwa mwalimu, lakini mtu mwenye miwani na funguo ataitwa nini kingine? Vijana walimwita Mwalimu, naye hakuwakataza. Alikuwa ametangaza kanisani kwamba likizo hiyo vijana wote waje wasome, wafinyange na wasuke, kuliko kuzurura sokoni.

Wakaja. Wa kwanza mlangoni kila siku alikuwa Priscah, msichana wa miaka kumi na mitano ambaye ulimi wake ulitangulia miguu. Alisoma kama mtu mwenye njaa. Alikuwa akimaliza kitabu kimoja anakirudisha kabatini bila kugeuza shingo, mkono tayari uko kwenye kingine.

Wa pili alikuwa Maroa, mvulana Mkuria kutoka upande wa Migori, aliyekuja kukaa na mjomba wake polisi. Maroa hakupenda sana kusoma, ila mpe udongo wa ufukweni, baada ya muda mfupi utaona uso unakutazama. Alifinyanga vichwa vya vikaragosi, wasichana wakavishonea kanzu za vitambaa vilivyobaki kwa fundi cherehani. Wengine walisuka pazia la mafunjo ambalo wachezaji wangejificha nyuma yake. Vichwa vilikaushwa jikoni kwa mama yake Priscah, mpaka mama akalalamika kwamba fisi wa udongo anamkodolea macho akisonga ugali.

Shida ilikuwa moja. Kitabu hakikuruhusiwa kutoka mlangoni mpaka mtu mzima akidhamini kwa kuweka kidole gumba kwenye kadi. Na hakuna mtu mzima aliyekubali, hata mama yake Priscah, Rispa, aliyeuza samaki wa kukaanga stendi na hakuogopa mtu.

"Mama, ni kidole tu," Priscah alimsihi.

"Kidole changu nilikiweka kwenye karatasi ya serikali mara moja, wakaja kuhesabu kuku," Rispa alisema. "Na kitabu kikiliwa na mbuzi? Nimkamue mbuzi akitoe?"

Basi vitabu vililala kabatini. Jumatatu ya wiki ya mwisho, mkaguzi akaja kutoka Kisumu. Priscah alikuwa nyuma ya pazia la mafunjo akifunga kamba, akasikia yote.

"Vitabu hivi ni vipya kama siku vilipokuja," mkaguzi alisema. "Kitabu kisichochakaa hakina kazi."

"Vijana wanasoma hapa kila siku, bwana."

"Na shule zikifunguliwa, nani atakuja hapa mchana? Vikiwa havijaanza kwenda majumbani kufikia Jumamosi, navipakia kwenye lori. Kuna miji inayovitaka."

Mkaguzi alipoondoka, Cephas alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena akaifuta. Priscah akatoka nyuma ya pazia.

"Mwalimu, tuwaite wazazi Ijumaa. Waone vikaragosi. Mimi nisome, Maroa na wenzake wacheze. Wakifurahi, wataweka vidole."

"Watakaa kimya?" Cephas aliuliza.

"Watakaa," Priscah alisema. Alijua anadanganya.

Ijumaa mvua ikaona haya, ikakaa mbali. Watu walijaa mpaka madirishani. Kina mama walikuja na watoto mgongoni, wavuvi walikuja na harufu yao, na mbele kabisa akaketi mzee Nyangweso, mtengeneza mitumbwi, kofia magotini. Cephas akatoa hotuba kuhusu faida za elimu. Ilikuwa hotuba nzuri, na wengi walipumzika vizuri.

Kisha Priscah akasimama na kitabu. Kilikuwa na hadithi ya fisi aliyechoka kuwinda, akafungua hoteli njiapanda na kuandika mlangoni kwamba mbuzi wote wanakaribishwa kwa chai. Nyuma ya pazia la mafunjo Maroa akainua fisi, meno ya vigae vya chungu, aproni kiunoni. Watu wakaamka. Mbuzi wa kwanza akaingia, akaketi, akaagiza maandazi. Akasikia sufuria kubwa ikichemka jikoni.

"'Bwana fisi,' mbuzi akauliza," Priscah alisoma, "'na ile sufuria ni ya nini?'"

"Simama hapo!" Nyangweso akainuka, mkono juu. "Msomaji, simama. Mimi ni Nyangweso, mkono unaofundisha mti kuogelea. Mtumbwi wangu ukipita, samaki wanauliza njia ya kukimbilia."

Chumba kikalipuka kwa kicheko. Roseline, mwenye duka la chumvi na mafuta ya taa, hakutaka kuachwa nyuma. "Msomaji, usianze tena. Mimi ni Roseline binti wa Kendu Bay, kiatu kipya kwenye barabara ya lami. Mume wangu ana baiskeli yenye breki mbili!"

"Mbili za nini, na yeye hashuki mlima?" mtu wa dirishani akauliza.

Maroa akachungulia nyuma ya pazia. "Priscah, wanakutukana?"

"Hapana. Wanajisifu," Priscah akamnong'oneza. "Kwetu, mtu akipiga nyatiti, zeze letu, kwenye sherehe, ukifurahi unamsimamisha, unatoa senti, unajisifu mbele ya watu. Asiposimamishwa, ujue hapigi vizuri."

"Kumbe umesoma vizuri."

Cephas hakuona hivyo. Alipita katikati ya watu, kidole kikiuonyesha ubao. "Wazee, akina mama, tafadhalini. Hapa ni maktaba, si kilabu cha pombe. Anayetaka kujisifu aende akajisifu nje."

Kicheko kikafa. Nyangweso akaitazama kofia yake, kisha akaivaa. Roseline akamfunga mtoto mgongoni. Watu wawili watatu wa nyuma walikuwa wameshageukia mlango, na Priscah akaliona lori la Jumamosi kana kwamba limeshaegeshwa hapo nje. Akawahi kusimama njiani mwao.

"Mzee Nyangweso, samahani. Kwenye nyatiti ungemsimamisha mpigaji bure?"

Mzee akasimama. "Bure? Mimi si mwizi, nyathina, mwanangu." Akatia mkono mfukoni.

"Senti hapa hatupokei," Priscah akasema. "Hapa bei ya kumsimamisha msomaji ni kitabu. Unachagua kimoja, unaweka kidole, unakwenda nacho nyumbani. Wiki mbili unakirudisha. Mwenye kitabu mkononi ndiye anayeruhusiwa kujisifu, na anajisifu mpaka achoke."

Watu wakatazamana.

"Na mbuzi akikila?" Hiyo ilikuwa sauti ya Rispa, karibu na dirisha.

"Mama, mtu aliyejisifu mbele ya Homa Bay nzima halafu akashindwa na mbuzi, hiyo aibu ni yake."

Nyangweso akacheka, tumbo likatikisika. "Huyu mtoto amenifunga kamba," akasema. "Cephas, fungua kabati. Mimi nilishajisifu. Sitaki kulala na deni."

Macho yote yakamgeukia Cephas. Alikuwa na funguo mkononi, na ubao wake wa KIMYA ulikuwa juu ya kichwa chake. Kisha ufunguo ukaingia tunduni.

Nyangweso alichagua kitabu chenye picha za meli. Roseline alichukua cha ufugaji wa kuku, akarudia sifa zake zote tangu mwanzo, kwa sababu sasa alikuwa amezilipia. Maroa aliacha fisi akakalia meza ya kadi, akishika vidole vya watu na kuvibonyeza kwenye wino. Priscah alisoma sentensi moja, akasimamishwa. Alisoma nusu sentensi, akasimamishwa. Mvuvi mmoja kutoka Sindo alijiita jiwe ambalo ziwa limelipiga likachoka. Fundi cherehani alisema bila yeye harusi zote zingefungwa uchi. Mbuzi wa watu alibaki kitini na swali lake, maandazi yakipoa, huku kabati likiendelea kupungua mpaka pakabaki mbao na nyuzi za pamba.

"Vimekwisha," Cephas akasema. Alisema kama mtu aliyeamka kitandani kwa jirani.

"Hakijaisha kimoja," Rispa akasema.

Alipita mbele, akipangusa mikono kwenye leso. Watu wakampisha. Akasimama mbele ya binti yake, akashika ncha ya kile kitabu alichokuwa akikisoma.

"Msomaji, simama," akasema, na sauti ya stendi ikatetemeka kidogo. "Mimi ni Rispa. Samaki wangu mnawajua. Lakini leo sijisifu kwa samaki. Mimi ni mama wa huyu."

Akaenda mezani, akatumbukiza kidole kwenye wino hadi kwenye fundo, akakipiga kwenye kadi kama mtu anayeua mbu. Kisha akatia kitabu kwapani.

Hapo ndipo watu walipogundua msiba wao.

"Na sufuria ilikuwa ya nini?" Nyangweso akauliza.

"Hadithi imeingia kwapani kwa Rispa," Roseline akasema. "Ama anaturudishia, ama anatupikia chai."

"Njooni kwangu," Rispa akasema. "Ila kila mtu na kiti chake."

Walikuwa wameshaanza kutoka Cephas alipokohoa. Alikuwa ameunyooshea mkono ubao wa KIMYA, akaung'oa msumarini.

"Simameni kwanza," akasema. "Mimi ni Cephas. Mwenye funguo za kabati tupu."

Walimpigia makofi mengi kuliko alivyowahi kupigiwa kwa hotuba yoyote.

"Na bei?" Maroa akauliza kutoka mezani. "Vitabu vimekwisha, Mwalimu."

"Kimya changu," Cephas akasema. Nje matone ya kwanza yalikuwa yameanza kugonga bati. Akauweka ubao juu ya kichwa cha yule fisi wa udongo, asilowe, akambeba fisi kifuani, akatangulia kwenye tope kuelekea kwa Rispa.