Mdomo Uliobaki

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa halitumiki tena. Mtaa mzima ulimwita Bado, na hata mkewe, akikasirika, alimwita hivyo hivyo. Ukimuuliza fundi huyu kama fremu ya kioo chako iko tayari, bado. Kigoda? Bado kidogo. Yule ndege wa mbao uliyemwagiza mwaka jana, ambaye kila mtu anamwona pale rafuni ana mabawa na mkia na miguu? Bado, kuna mahali fundi anataka kupaangalia. Fundi baiskeli, ambaye kibanda chake kilipakana na karakana, alikuwa akisema kwamba siku Bado akifa watu watafika mazikoni na kuambiwa wapite tena wiki ijayo.

Mvivu hakuwa, hilo ni lazima lisemwe. Alianza kazi kwa furaha, na mikono yake ilijua inachofanya. Shida ilikuja kazi ilipokaribia kwisha. Hapo moyo ulianza kumwenda mbio, patasi ikawa nzito, naye akaiweka chini na kuchukua msasa. Akasugua. Msasa hauvunji kitu, ndiyo maana aliupenda. Unaweza kusugua shavu la sanamu kutwa nzima na likabaki shavu lile lile, limeng'aa tu.

Alhamisi hiyo mambo yalikuwa yamemfika shingoni. Mama yake, aliyeishi naye tangu Baba alipofariki, alikuwa anahamia mji mwingine kwa binti yake, dada mkubwa wa Bado, ambako hospitali ya macho haikuwa mbali. Macho yenyewe yalikuwa yameshakwenda. Alichobaki nacho ni kujua kama ni mchana au usiku, na daktari hakumficha kwamba hata hicho hakitadumu. Shemeji, mume wa dada, alikuwa njiani na gari kuja kumchukua. Na Mama alikuwa ameomba kitu kimoja tu, tangu macho yalipoanza kufifia: uso wa mbao wa mumewe, mdogo, wa kupakata mapajani na kuupapasa.

"Picha hainisaidii tena," alisema siku ile. "Na sura yake imeanza kunipotea, mwanangu. Usiku naitafuta siioni."

Baba alikuwa dereva wa lori. Lori lilipouzwa kama chuma chakavu, Bado alichomoa boriti ya mninga iliyokuwa chini ya bodi, akakata kipande kizuri kisicho na ufa, akakigawa viwili. Kipande cha kwanza alikiharibu mdomoni. Alichimba mno, Baba akatoka kama kibogoyo, na Bado akakichoma kabla mtu hajakiona. Cha pili ndicho kilichokuwa kimebanwa sasa kwenye jiliwa, kile kibanio cha meza ya kazi, kina paji la uso, kina macho, kina pua, na mahali pa mdomo pana donge tupu la mbao. Cha tatu hakikuwapo.

Mdomo wa Baba ulikuwa na mambo yake. Mzee yule alitafuna njiti ya kiberiti kwenye pembe ya kushoto, akiwa barabarani na akiwa nyumbani, miaka nenda miaka rudi, mpaka midomo yote miwili ikahamia upande huo. Kila alipoketi kula, Mama alinyoosha mkono, akaichomoa ile njiti kwa vidole viwili bila hata kumtazama, akaendelea kupakua. Ukiukosea mdomo ule umechonga mtu mwingine kabisa. Bado alilijua hilo, na ndilo lililomfanya asugue mashavu wiki nzima.

Asubuhi hiyo Mama aliingia karakanani ameshikwa mkono na mke wa Bado, ambaye alikuwa fundi cherehani na alishonea barazani, upande wa pili wa ukuta.

"Nimekuja kumwona mume wangu," alisema Mama. "Yuko wapi?"

Bado alitamani ardhi ipasuke. Aliuelekeza mkono wa mama yake kwenye jiliwa, akarudi nyuma. Vidole vya Mama vilianzia kwenye paji la uso, vikashuka puani, vikazunguka mashavu, vikarudi tena mashavuni na kukaa hapo muda mrefu kuliko Bado alivyoweza kuvumilia.

"Huyu ni nani?"

"Ni Baba, Mama."

"Baba yako? Mwanangu, huyu ameshiba. Baba yako hakuwahi kuwa na mashavu haya hata siku ya harusi. Huyu labda ni tajiri wake, yule mwenye lori."

Mke alicheka, kisha akamtazama mumewe. Vidole vilishuka kwenye donge.

"Na mdomo?"

"Bado, Mama."

"Haya," alisema Mama. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. "Basi nitaondoka na bado yangu. Nishike mkono, binti yangu, nikamalizie kufunga mizigo."

Walipotoka, Bado aliutazama ule uso kama anauona mara ya kwanza. Mama alisema kweli tupu. Kila mahali alikuwa ameacha mbao: kwenye mashavu, kwenye taya, juu ya kope. Alikuwa akijiambia ni akiba, kwa sababu mbao ukishaitoa huirudishi. Akiba gani? Ulikuwa woga mtupu, na sasa woga huo umemnenepesha Baba mpaka mkewe hamjui. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Mkono wake, wenyewe tu, ukaokota msasa.

"Fundi!" mkewe aliita kutoka barazani. "Nasikia msasa!"

Aliutia mfukoni. Akachukua patasi nyembamba, akainoa kwenye kinoo, akainoa tena ingawa ilikuwa kali tayari, akapangusa jasho la viganja kwenye aproni. Haya. Mdomo wa juu kwanza. Aligonga taratibu, na ajabu, ukatoka. Mstari ulipanda kidogo kushoto vile vile alivyoukumbuka. Akapumua. Pengine leo, alijiambia, na hapo hapo sauti nyingine ikamjibu kwamba hata kile cha kwanza kilianza vizuri.

Mdomo wa chini, pembe ya kushoto, palikuwa na kazi. Nyuzi za mti zilipinda pale, na mchongaji akikuta nyuzi zimepinda hugeuza patasi azifuate. Bado aliziona. Lakini akili ilikuwa barabarani inasikiliza gari, na yeye akataka amalize upesi kabla woga haujamrudia. Hakugeuza patasi. Akagonga mara moja zaidi.

Tak!

Kipande kiliruka kikaanguka kwenye maranda. Nusu ya mdomo wa chini haikuwapo tena. Mahali pake palikuwa na shimo lenye ncha ncha, kina chake unene wa kidole.

Alifungua jiliwa, akaushika uso wa baba yake kwa mikono miwili, akatoka nao moja kwa moja mpaka barazani, kwenye jiko ambamo mkewe alichochea makaa ya pasi. Alikuwa ameshainama juu ya moto mke alipomdaka mkono.

"Unakwenda wapi na baba mkwe wangu?"

"Niache."

"Nakuuliza, unakwenda naye wapi?"

"Nimemvunja! Huoni? Nimemvunja tena. Mimi si fundi, mke wangu. Mimi ni mtu wa kuanza anza tu, watu wote wanajua, hata jina wamenipa."

"Punguza sauti, Mama yuko ndani." Alimsukuma akae kwenye benchi, lakini mkono hakuuachia. "Wewe jina hilo unalipenda. Ndiyo, unalipenda, usinitolee macho. Kazi ikiwa bado, nani ataisema vibaya? Hakuna. Ndege wako yuko rafuni mwaka mzima, hakuna aliyemwona mbaya, kwa sababu bado. Mimi unadhani siogopi? Kila nikiweka mkasi kwenye kitambaa cha mtu tumbo linanikata. Lakini nisipomaliza, bibi harusi ataenda kanisani amejifunga shuka."

Machozi yalimlenga Bado, akayazuia.

"Kipande hakirudi," alisema. "Hata nikigundisha, Mama atagusa gundi."

"Nani kasema ugundishe? Mimi nikikosea kiuno nikakata ndani mno, silitupi gauni. Nalibana lote, kuanzia kwapani mpaka chini, lifuate pale nilipokosea."

Alikuwa anasema tu, katika kumtuliza, na mkono wake mwingine ulishaanza kutafuta pini mezani. Lakini Bado alikuwa anaupima uso. Aliyapitisha macho kutoka kwenye lile shimo mpaka shavuni, mpaka kwenye taya, mpaka kwenye pua. Kama uso wote ungeshuka. Mashavu, taya, pua, kope, kila kitu, mpaka usawa wa shimo, jeraha lingekwisha na chini yake kungekuwa na mbao mpya ya mdomo. Kidole kizima cha mbao kutoka kila upande. Na Baba alikuwa mwembamba.

Mbao ingetosha mara moja tu. Baada ya hapo hakuna akiba, na kosa jingine lolote lingetoboa mpaka upande wa pili.

"Shemeji akifika," alimwambia mkewe huku akisimama, "mpe chai. Mpe na maneno."

Akarudi, akabana uso kwenye jiliwa, akachukua patasi pana, ile ambayo hakuna mtu huitumia kwenye uso uliokwisha kuchongwa. Akaiweka kwenye shavu alilolisugua wiki nzima, lile lililong'aa. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake. Akagonga.

Shavu likaondoka. Likaondoka na la pili. Maranda yalimjaa miguuni. Pua ilipokatwa aliendelea, kwa sababu pua ya nusu ni mbaya kuliko kukosa pua. Mifupa ya uso ikaanza kuonekana, kisha mabonde chini yake, kisha ile taya ya mtu aliyekula njiani akiwa usukani. Mkono ulikuwa unatetemeka. Alichofanya ni kungoja: unatetemeka, anangoja, unatulia kidogo, anakata.

Honi ililia nje.

"Bado, shemeji?" sauti ya shemeji ilivuka ukuta, na fundi baiskeli akaangua kicheko kwenye kibanda chake. Karakanani Bado alisikia vikombe, akasikia mkewe akimsimulia shemeji habari ndefu isiyo na mwisho, akasikia buti la gari likifunguliwa na mizigo ikitupwa ndani. Alikuwa amefika mdomoni. Mdomo wa juu, kushoto juu. Mdomo wa chini. Pembe.

"Mama apande sasa," shemeji alisema. "Giza litatukuta barabarani kwenye mashimo."

Nyuzi zilikuwa zimepinda vile vile, hata chini huku. Safari hii alizunguka jiliwa, akasimama upande wa pili, akageuza patasi. Honi ikalia tena. Akaweka nyundo chini, akasukuma kwa kiganja tu, huku akiwa ameuma meno. Utepe mwembamba wa mbao ulijikunja, ukajikunja, ukadondoka.

Alifungua jiliwa akakimbia.

Mama alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, mlango wazi, mikono mitupu mapajani. Bado alifika anahema, uso kaukumbatia kwenye aproni, na msasa bado uko mfukoni, na kilichomtoka kinywani kilikuwa kile kile cha siku zote.

"Mama, bado sijapiga msasa. Bado kuna alama za patasi kila mahali, nilitaka kwanza..."

"Lete."

Akampa. Mke wa Bado alikuwa amesimama mlangoni na pini midomoni, na hata shemeji aliacha kuchezea funguo.

Vidole vilianzia kwenye paji la uso. Vikashuka puani. Vikaenda mashavuni, vikatumbukia kwenye yale mabonde, vikasita. Vidole vikashuka mdomoni, vikafuata mstari wa juu kwenda kushoto, polepole, mpaka kwenye pembe. Hapo Mama aliinua mkono kidogo, akakutanisha vidole viwili hewani, pale pale penye pembe ya mdomo, akachomoa kitu ambacho hakikuwapo.

Akakaa hivyo, vidole vimebana hewa, machozi yanamtiririka.

Kisha kiganja chake kikapanda tena kwenye taya, juu ya zile alama za patasi, kikasugua huku na huku.

"Hajanyoa," alisema.

"Ndiyo nilikuwa nakwambia, Mama. Nipe mara moja tu. Nusu saa, nampiga msasa, anakuwa laini." Alikuwa ameshautoa msasa mfukoni.

Mama aliuvuta uso kifuani kwake, mbali na mkono wa mwanawe.

"Leo siku gani?"

"Alhamisi."

"Baba yako alikuwa ananyoa Jumamosi," alisema Mama. "Funga mlango, mwanangu, tunachelewa."

Bado aliufunga. Gari lilipoanza kuondoka alimwona mama yake, kupitia kioo, akiugeuza ule uso mapajani ili utazame barabara.