Shamba Lililohudhuria Semina

Siku ya pili ya semina ya ujasiriamali, kabla ya chai ya saa nne, shamba la Mama Vitunguu liliingia ukumbini. Lilipita mlango wa nyuma, likajikunja kidogo kwenye kizingiti, kisha likajitandaza nyuma ya viti vya plastiki na matuta yake yote, vitunguu na magugu pamoja. Mfagizi alikuja na ufagio, akatazama, akarudi nao.

Mama Vitunguu hakugeuka. "Nilijua tu," alimwambia jirani yake. "Wakati wa palizi mtu unaitwa ukakae kitini. Lingenisubiri mpaka lini?"

Kabla ya hii, semina ya kwanza iliwafundisha wanawake wa kikundi chake kuthubutu. Ya pili, kuota ndoto kubwa. Ya tatu, kuthubutu tena, maana mfadhili alikuwa amebadilika. Kila mara waliomba pampu ya maji, kwa sababu mto uko bondeni na mgongo ni huohuo mmoja. Kila mara waligawiwa fulana.

Mwezeshaji, kijana mtanashati, alilikaribisha shamba na kuliomba lisizibe projekta. Akaendelea. "Akina mama, adui wa mjasiriamali ni nani? Ni mtazamo wake mwenyewe!"

"Wangu mimi ni ndoo," alisema Mama Vitunguu.

Safari hii, lakini, pampu ilikuwepo. Moja, mpya, imefunikwa kitambaa pale mbele, na angepewa mwenye shamba bora. Afisa wa mradi alizunguka matuta, akashika udongo, akaunusa, akasema hajawahi kuona shamba lililotunzwa hivi. Akauliza ni la nani.

Shamba lilitambaa hadi kwa Mama Vitunguu na kumlalia miguuni, likamchafua viatu. Ukumbi mzima uliona. Afisa naye aliona, akatikisa kichwa kwa upole.

"Namuuliza mwenyewe kisheria, mama."

Mwenyewe kisheria alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, mtu ambaye jembe alilishika pale tu lilipomzuia kupita. Alipigiwa simu. Alifika ameoga, akaulizwa kama ni mjasiriamali, akajibu kwamba jambo hilo liko damuni. Akapewa pampu. Mama Vitunguu aliombwa asimame kando yake na kutabasamu kwenye picha, kwa kuwa mradi ulikuwa wa wanawake.

"Subira huvuta heri," jirani alimnong'oneza.

"Yangu imevuta shemeji."

Semina ilipofungwa alishika njia ya nyumbani amefura kwa hasira, na shamba likamfuata nyuma, kama linavyofanya siku zote akikaa mbali nalo. Jua lilikuwa kali na shemeji hapendi kutembea. Aliazima kiti cha ukumbini, akakiweka katikati ya matuta, akaketi na pampu mapajani. Shamba lilipanda kilima polepole, limeelemewa.

"Linayumba sana hili," alilalamika shemeji. Kisha, baada ya kufikiri: "Mafuta ya pampu utanunua wewe, shemeji. Si wewe ndiye unayelima?"

Mama Vitunguu alisimama. Shamba nalo likasimama. Alirudi nyuma, akapanda tutani, akainama mbele ya kiti. Gugu lilikuwa limechomoza chini ya kiatu cha shemeji yake.

"Inua mguu," alisema.

Shemeji aliinua mguu. Hakushuka.